Mahekalu ya Wajaini wa Jaisalmer: Sanamu, Wafanyabiashara na Daftari Lao

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Niliikumbuka methali hii nilipokuwa nikisoma historia ya Jaisalmer, mji wa jangwa la Thar, magharibi mwa India. Mimi nimekulia Kampala, na tangu utotoni neno "Mhindi" kwangu lilimaanisha mwenye duka, basi. Hata tulipofundishwa kuhusu mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, tulizungumzia maduka waliyoyaacha. Hatukuuliza wafanyabiashara hao waliabudu vipi, wala walitunza nini zaidi ya fedha. Jaisalmer imenifundisha kuuliza.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1156 na Rawal Jaisal, aliyejenga ngome juu ya kilima. Makao makuu ya awali yalikuwa Lodurva, kama kilomita 15 kutoka hapo, mji ulioshambuliwa na hatimaye kuachwa. Misafara ya ngamia kati ya India, Uajemi na Asia ya Kati ilipitia Jaisalmer. Watawala walitoza ushuru, na wafanyabiashara, wengi wao Wajaini, wakatajirika. Ujaini unakataza kudhuru kiumbe chochote chenye uhai. Kwa kuwa jembe huua wadudu ardhini, waumini wengi waliepuka kilimo wakashika biashara.

Ndani ya ngome kuna mahekalu saba ya Wajaini, yaliyochongwa kwa mawe ya manjano. Mengi ya majengo yanayoonekana leo ni ya karne ya 15 na ya 16. Watawala wenyewe walikuwa Wahindu wa ukoo wa Bhati, lakini waliwapa Wajaini nafasi ndani ya kuta zao.

Nilipotazama picha za sanamu zake mara ya kwanza, niliona zote zinafanana: mtu ameketi, amekunja miguu, ametulia. Nikadhani ni mungu mmoja. Nilikosea. Hizo ni sanamu za Tirthankara, walimu 24 ambao Wajaini wanaamini walishinda tamaa na kuwaonyesha wengine njia ya ukombozi. Hawahesabiwi kuwa waumbaji wa ulimwengu. Ili kuwatofautisha, mtu hutazama alama iliyo chini ya kiti. Rishabhanath ana fahali, Sambhavanath ana farasi, Chandraprabha ana mwezi mwandamo. Parshvanath ana nyoka, na mara nyingi vichwa vya nyoka humfunika kama mwavuli.

Hekalu kuu ni la Parshvanath. Kwa mujibu wa mapokeo, sanamu yake ililetwa kutoka Lodurva. Hapa ndipo nilipoelewa uzito wa jambo hili: mji ulipokufa, watu hawakuokoa bidhaa peke yake, walibeba na sanamu yao. Tena hawakuisahau Lodurva. Katika karne ya 17 mfanyabiashara Tharu Shah alilijenga upya hekalu la huko, na ndani yake imo sanamu ya Parshvanath ya jiwe jeusi.

Aidha, chini ya hekalu la Sambhavanath kuna hazina ya miswada, iliyoanzishwa katika karne ya 15 na kiongozi wa dini Jinabhadra Suri. Baadhi ya miswada iliandikwa juu ya majani ya mtende, na kati yake imo ya karne ya 11. Mwaka 1874 wataalamu Georg Bühler na Hermann Jacobi walifika kuichunguza. Jacobi alikuwa kijana wa umri wangu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtawa wa Kijaini, Punyavijaya, aliipanga na kuiorodhesha upya.

Biashara ya misafara ilififia bidhaa zilipohamia bandari ya Bombay, na mwaka 1947 mpaka mpya wa Pakistan ukakata njia za zamani. Hata hivyo, sanamu zinaabudiwa mpaka leo na miswada ipo.

Kwa kumalizia, Wajaini wamo pia Afrika Mashariki, na hekalu lao liko Mombasa. Tukiandika historia ya wafanyabiashara wa Kiasia kwa kuhesabu maduka peke yake, tutakuwa tumeandika mali tukaacha daftari.