Nani Mwenye Hadithi? Mwendelezo wa Monkey Island na Madai ya Hadhira

Katika fasihi simulizi tumefundishwa kwamba hadithi haikamiliki bila fanani na hadhira. Tusichoambiwa mara nyingi ni kinachotokea pale pande hizo mbili zinapoigombania. Makala haya yanautazama ugomvi wa namna hiyo, uliozuka mwaka 2022 juu ya mchezo wa kompyuta uitwao Return to Monkey Island. Wapo watakaosema gemu si fasihi. Haya, lakini kitu chenye wahusika, msuko na utani wa maneno hakina budi kuhakikiwa. Na kwa kuwa mimi ni mpenzi wake wa siku nyingi, sitajifanya sina upande.

Mchezo wa kwanza, The Secret of Monkey Island, ulitoka mwaka 1990, ukitungwa na Ron Gilbert pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman. Shujaa wake, Guybrush Threepwood, ni kijana anayetaka kuwa haramia. Adui yake, LeChuck, ni haramia aliyekufa akakataa kufa. Humo hata ushindi wa panga hupatikana kwa ulimi: anayekosa jibu la tusi alilotupiwa ndiye anayerudishwa nyuma. Mwaka 1991 ukaja wa pili, ambao mwisho wake uliwaacha watu midomo wazi. Guybrush na LeChuck wanageuka watoto, ndugu wawili, ndani ya bustani ya burudani. Je, yote yale yalikuwa mawazo ya mtoto? Gilbert aliihama kampuni mwaka 1992 bila kujibu.

Wengine wakaipokea hadithi, na hapa pana jambo ambalo wapenzi wengi hulisahau. Mwaka 1997 picha zikawa za katuni. Mwaka 2000 zikawa za pande tatu, tena wahusika wakakakamaa kama vinyago. Mwaka 2009 kampuni ya Telltale ikaleta sura nyingine kabisa. Mwaka huohuo mchezo wa kwanza ulichorwa upya, na mchezaji aliweza kubonyeza kitufe kimoja akarudi kwenye picha za 1990, akabonyeza tena akarejea. Fani ilibadilika kwa kidole, maudhui yakabaki palepale.

Basi Aprili 2022 Gilbert akatangaza kwamba amerudi, yeye na Grossman. Shangwe! Lakini zilipoonekana picha za Rex Crowle, zenye pembe kali na nyuso kama za karatasi iliyokatwa, shangwe ikageuka matusi, hata kufikia mwisho wa Juni Gilbert akawafungia wasomaji wake mlango wa maoni. Tuseme haki: walalamikaji walikuwa na pa kushika. Mwaka 2013 mtunzi huyo aliandika kwamba akipata nafasi ya kutunga mwingine, angeupa sura ya kizamani. Lakini ndoto ya fanani si mkataba. Na tukitaka mikataba, basi mwenye mali ni Disney, iliyoinunua Lucasfilm mwaka 2012, wala si hao waliokuwa wakipiga kelele eti "Monkey Island yetu".

Ulipotoka tarehe 19 Septemba 2022, mchezo ulianzia palepale pa mwaka 1991, bustanini, kwa watoto walewale. Kumbe mmoja ni mwana wa Guybrush, na wanachoigiza ni hadithi za baba yake! Baba mwenyewe yuko kwenye benchi. Mtoto anakaa, anasimuliwa, anadakia, anatilia shaka. Jibu lililosubiriwa miaka 31 limetolewa kwa kumweka fanani na hadhira yake jukwaani. Hakuna picha ya kizamani ambayo ingenipa hilo.

Kasoro zipo. Viongozi wapya wa maharamia wanaingizwa kwa vishindo, kisha wanafifia kana kwamba mtunzi kawachoka.

Na ile siri iliyosakwa tangu 1990? Ni fulana tu. Mtoto anamuuliza baba yake siri hasa ilikuwa nini, na mchezaji ndiye anayechagua la kumwambia. Kisha Guybrush hubaki peke yake kwenye benchi. Wapo walioona wametapeliwa. Mimi mwisho ule nimeucheza mara tatu, na kila mara mtoto yule nimempa jibu jingine.