Shaku ya mwaka gani?

Wadau, nimepotea wiki mbili, mnisamehe. Semina juu ya semina, halafu maandalizi ya mazoezi ya kufundisha, muda wa kukaa kwenye kompyuta hamna. Leo nimepata upenyo, ngoja niwasimulie yaliyonikuta Jumanne kwenye semina ya historia.

Kila kundi lilipewa barabara mbili za kale lizilinganishe. Sisi kura ikatuangukia Via Appia ya Warumi, iliyoanza kujengwa mwaka 312 kabla ya Kristo, na Tokaido ya Japani, iliyounganisha Edo (ndiyo Tokyo ya leo) na Kyoto. Mimi nikapewa vipimo. Nikafurahi kimoyomoyo, maana hesabu hazijawahi kunisumbua.

Warumi walitumia pes, yaani futi yao, kama milimita 296. Pes 5 ni passus 1, ambayo ni hatua mbili za mtu. Passus 1,000, kwao mille passus, ni kama mita 1,480, na neno maili limetokea huko. Wajapani walikuwa na shaku. Shaku 6 ni ken 1, ken 60 ni cho 1, cho 36 ni ri 1. Zidisha mwenyewe, utapata shaku 12,960 kwenye ri moja.

Sheria ya Japani ya mwaka 1891 iliiweka shaku kuwa 10/33 ya mita, yaani milimita 303 na ushee. Kwa hiyo shaku na pes zimepishana milimita 7 tu. Mwenzangu mmoja akasema, "Si tuziite sawa, tukalale?" Nikakataa. Hizo milimita 7 kwenye ri moja zinafika mita 91, karibu uwanja mzima wa mpira! Kwenye Tokaido yote, kama kilomita 490, unakosea kilomita 11.

Haya, anayetaka kubadili: shaku kwenda pes zidisha kwa 1.024, pes kwenda shaku zidisha kwa 0.977. Ri moja ni maili za Kirumi 2.65. Ukitaka kuiona vizuri, fikiria wasafiri wawili. Warumi walisimika jiwe kila maili. Utawala wa Tokugawa nao mwaka 1604 uliagiza vilima vidogo vya udongo, ichirizuka, kila ri, kuanzia daraja la Nihonbashi. Mjapani akitoka kilima kimoja hadi kinachofuata, Mrumi kwa mwendo huohuo keshapita mawe mawili na yuko njiani kwenda la tatu.

Nikapanda mbele kwa mbwembwe, nikaandika ubaoni: 1.023751. Mwalimu akaniangalia, akauliza swali moja tu: "Shaku ya mwaka gani?"

Nikabaki nimeshika chaki.

Kumbe nimechukua shaku ya sheria ya 1891 nikaipeleka barabara ya 1604! Kabla ya sheria ile rula hazikuwa sawa kila mahali, na ri nayo ilitofautiana. Hata sheria yenyewe iliacha shaku nyingine ya kupimia nguo, kujirajaku, "shaku ya nyangumi", kama milimita 379. Na Warumi vilevile. Futi yao rasmi ilitunzwa Roma kwenye hekalu la Juno Moneta, lakini huko Germania kulikuwa na pes Drusianus, kama milimita 333. Halafu ile 296 yenyewe imetokana na rula na majengo yaliyosalia, ambayo hayakubaliani mpaka nukta ya mwisho. Yaani desimali zangu sita zilikuwa mapambo.

Alama za kundi zima zikapungua, na yule aliyetaka kulala ananinunia mpaka leo.

Ila nimejifunza kitu. Kipimo ni makubaliano ya watu, kina tarehe na kina mwenyewe. Japani iliingia rasmi kwenye mita mwaka 1959, na rula za shaku zikapigwa marufuku kuuzwa, lakini mafundi seremala na washonaji hawakuziacha. Miaka ya 1970 mtunzi Ei Rokusuke akawapigania hadharani, na serikali ikaja kuruhusu rula zenye alama za 1/33 ya mita. Ni shaku ileile, imevalishwa jina la mita!

Ikanikumbusha bibi yangu. Alikuwa anauza kamba kwa pima, mikono imenyooshwa ncha hadi ncha. Wateja wajanja walikuwa wanamsubiri mjomba ndiye awapimie, maana mikono yake mirefu. Wale hawakusoma semina yoyote, lakini swali la mwalimu walikuwa wanalijua: pima ya nani?

Miezi michache ijayo nitakuwa mbele ya darasa. Mwanafunzi akiniletea jibu lenye desimali sita, najua nitamuuliza nini.

Haya wadau, kwenu mlipimaje? Nawasubiri kwenye maoni. Nakimbilia mhadhara wa saa nane.