Kisiwa cha Golding na Bonde la Tarach

William Golding alikuwa mwalimu wa shule mjini Salisbury alipochapisha Lord of the Flies mwaka 1954. Alikuwa pia mwanamaji wa Vita vya Pili vya Dunia, na vita hivyo vilimwondolea imani kwamba ustaarabu wa kwao ni kinga. Wavulana wa Kiingereza wanajikuta kisiwani bila mtu mzima. Wanaanza kwa mikutano na zamu za kulinda moto. Wanaishia kuwaua wenzao Simon na Piggy, kisha kumwinda mwenzao mwingine, Ralph.

Mwaka uliofuata Mmarekani Robert Ruark alitoa Something of Value, riwaya ya vita vya Mau Mau nchini Kenya. Golding aliutafuta unyama kwa watoto wa kwao. Ruark, ingawa walowezi wake nao wana damu mikononi, chimbuko la unyama aliliona kwa Mkikuyu aliyekula kiapo cha Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilifikiri kama Ruark. Mwaka 1959 ilimtoa Jomo Kenyatta gereza la Lokitaung, ikamweka kizuizini Lodwar, na mwaka 1960 Gavana Patrick Renison akamtaja kuwa kiongozi wa kuelekea gizani na mautini. Lakini Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walikuwa wamepigwa na askari wa serikali hiyohiyo hadi kufa. Nadhani Golding hakushangaa.

Kutoka Lodwar kwenda kaskazini-magharibi unafika Kakuma, na hapo hoja ya Golding inakutana na jambo ambalo hakulitungia hadithi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya wavulana wa Sudan waliofukuzwa Ethiopia mwaka uliotangulia. Walikuwa wametembea miezi mingi, walezi wao wachache. Dave Eggers alitumia maisha ya mmoja wao, Valentino Achak Deng, kuandika riwaya ya What Is the What (2006). Watoto wa riwaya hiyo si malaika, lakini hawageuki kundi la wawindaji. Wanaliwa na simba, wanakufa kwa njaa, wanapigwa risasi wakivuka mto Gilo. Kwa Golding hatari inachipuka ndani ya mtoto. Kwa Eggers inamjia kutoka nje, mara nyingi imevaa sare.

Wajie wa Uganda na Waturkana wana simulizi ya zamani zaidi kuhusu mtu aliyeachwa peke yake nyikani. Nayeche, msichana wa Kijie, alifuata nyayo za fahali wa kijivu aliyepotea hadi bonde la mto Tarach, mto uleule unaopita Kakuma. Aliishi kwa matunda ya porini. Vijana waliomtafuta fahali walipomkuta, aliwakaribisha, nao wakarudi kuwaita wenzao. Huko ndiko Waturkana wanakosema walianzia. Simulizi hiyo haijatungwa na watu wasiojua ukatili, maana watu hao na jirani zao wamevamiana kwa ajili ya mifugo vizazi kwa vizazi. Hata hivyo nyika haimvui Nayeche utu wake.

Namheshimu Golding kwa kuwahukumu watu wake kwanza. Ila kisiwa chake ni maabara finyu: hakina msichana, hakina bibi, hakina mnyama wa kufugwa anayekudai uamke alfajiri. Utu uliopimwa humo ni wa wavulana wa shule tu.

Wokovu ndio unaowarudisha Golding na Eggers pamoja. Watoto wa kisiwani wanaokolewa na ofisa wa manowari iliyo vitani. Achak alikuwa Nairobi, tayari kuruka kwenda Marekani, tarehe 11 Septemba 2001, ndege zikazuiwa. Alifika hatimaye, lakini Eggers anaifungua riwaya Achak akiwa Atlanta, amefungwa kamba sakafuni mwake na wezi, mtoto wa kiume akiwekwa kumlinda.