Kompyuta ya bei nafuu: kutoka Hazina hadi Tengeru

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Anayetaka kujua kwa nini shule nyingi za Arusha bado hazina kompyuta za kutosha aanzie hapo, kisha arudi nyuma miaka 9.

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha (Hazina) mwaka 1965. Baadaye ilikuja ICT 1900. Mitambo hiyo iliendeshwa kwa kutegemea wataalamu wa kigeni, nao Watanzania waliofunzwa kuimudu walikuwa wachache. Hesabu za Serikali zilizofanywa kwa mitambo hiyo zilipovurugika, fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha kutumika na fundi wa hapa hakuwa na la kufanya. Marufuku ilizaliwa na hasara hiyo.

Nchi ikiwa bado imefunga mlango, Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta binafsi nchini Marekani. Toleo la chini liliuzwa dola 1,565, likiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Halikuwa na skrini wala kisoma diski: mnunuzi aliweza kuliunganisha na televisheni ya nyumbani na kuhifadhi kazi zake kwenye kaseti. Ndani yake mlikuwa na nafasi 5 za kuchomeka kadi, na IBM ikachapisha michoro ya saketi zake. Mtu alianza na kidogo, akaongeza alipopata. Kwetu Bara, hata hiyo televisheni ya kuiunganisha ilikuwa imekatazwa.

Marufuku ilipolegezwa, kompyuta ziliingia, nyingi zikiwa mitumba. Mafundi wa mjini wamezijua kwa kuzifungua: huongeza RAM, hubadilisha hadidiski, na vipuri vya mashine mbili mbovu huvifanya mashine moja nzima.

Mwaka 2012 ilitokea Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja ya dola 35. Shirika la Powering Potential lilipeleka za namna hiyo katika shule za sekondari wilayani Karatu, mkoa huu huu wa Arusha, zikitumia umeme wa jua. Zinakula umeme kidogo, na hilo ni jambo kubwa panapokosekana gridi. Ila RAM ya kila moja imelehemiwa. Ikipungukiwa, huna pa kuongeza.

Kwa hiyo napendekeza mashine inayounganisha faida za kompyuta ile ya IBM na za Raspberry Pi: ubao wa bei ndogo unaotumia moja kwa moja betri ya sola ya volti 12, RAM na hifadhi za kuchomoa, televisheni ya kawaida iwe skrini, na michoro yake iwe wazi kwa kila fundi. Shule inunue chache mwaka huu, mwakani iongeze uwezo wa zile zile.

Wa kuifanya kazi hii wapo. Chuo cha Ufundi Arusha kimefundisha mafundi tangu 1978. Tengeru, mashariki mwa jiji kwenye miteremko ya Meru, ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanza kufundisha 2011. Cha kwanza wanachopaswa kukipima ni hiki: ikiharibika shuleni, fundi wa mtaani aweze kuitengeneza. Mitambo ya Hazina ilikosa sifa hiyo, na nchi ikalipa gharama yake kwa miaka mingi.