Uteuzi wa Kamera na Historia ya Picha Katika Kivu

Historia ya upigaji picha aghalabu huandikwa kama historia ya wapigapicha na kazi zao. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kwa upande wa chombo chenyewe, na hasa kwa upande wa yule aliyekichagua. Mji wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini, unafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, kwa kuwa mji huo na milima yake umepigwa picha mno na wageni, ilhali zile ambazo wenyeji walijipigia kwa hiari yao hazijulikani nje. Hoja yetu ni kwamba kamera huchaguliwa kwa ajili ya kazi fulani, na kazi hiyo ndiyo huamua ni kitu gani kitabaki katika kumbukumbu.

Tuanze na mtu ambaye hakuona kamera ya kuchagua, akalazimika kuibuni. Mwaka 1910 Mmarekani Carl Akeley, fundi wa kutengeneza ngozi za wanyama wa makumbusho ili waonekane kama walio hai, alijaribu kupiga filamu ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki katika nchi ambayo leo ni Kenya. Hakufanikiwa. Kamera za sinema za wakati ule zilikuwa na mkono mmoja wa kuigeuza kamera kushoto na kulia, mwingine wa kuiinua na kuiinamisha, na wa tatu wa kuiendesha filamu. Mpigapicha alipomaliza kuhangaika na mikono hiyo, jambo lenyewe lilikuwa limekwisha. Aliporudi kwao aliunda kamera ya mviringo ambayo mtu mmoja aliweza kuizungusha upande wowote kwa mkono mmoja tu, bila mtikisiko. Ilikuwa na lenzi mbili zilizolingana, moja ya kupigia na nyingine ya kutazamia, na kilango chake kilipitisha nuru nyingi kuliko ilivyokuwa kawaida. Alipewa hataza yake mwaka 1915. Robert Flaherty naye aliichagua alipokwenda kwenye barafu ya Kanada kupiga filamu ya *Nanook of the North*, iliyotoka mwaka 1922.

Kamera hiyo ndiyo Akeley aliyokuja nayo Kivu mwaka 1921. Katika misitu ya Mlima Mikeno, kaskazini ya Goma, ambako ukungu na majani huificha nuru hata mchana, alipiga picha za sinema za gorila wa milimani, ambazo huhesabiwa kuwa za kwanza za wanyama hao wakiwa porini. Katika safari hiyo hiyo aliwaua gorila kadhaa kwa ajili ya makumbusho ya New York. Bunduki na kamera zilikuwa katika mzigo mmoja, na si haki kuisimulia moja tukaificha nyingine. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliopigania hifadhi ya wanyama hao, na Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa mwaka 1925. Akeley alifia Mikeno mwezi wa Novemba 1926, akazikwa huko huko. Kwa gorila, chombo chake kilikuwa na manufaa makubwa. Lakini kilibuniwa kwa ajili ya kiumbe akimbiaye. Watu waliokaa chini ya mlima hawakuwa shabaha yake.

Kinyume cha uteuzi huo hatuna budi kukifuata mbali, magharibi ya nchi, kwa sababu huko ndiko habari zake zilikohifadhiwa. Mwaka 1950 Jean Depara, aliyezaliwa Angola, alinunua kamera ndogo aina ya Adox ili ahifadhi kumbukumbu ya harusi yake. Hakuwa mpigapicha, riziki yake aliitafuta kwa kushona viatu na kutengeneza baiskeli na kamera. Alihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kamera iliyonunuliwa kwa ajili ya siku moja ikaja kumfanya mpigapicha wa mwanamuziki Franco, na wa mabaa na vijana wa usiku wa mji ule. Mgeni mwenye kamera kubwa juu ya miguu mitatu asingalifika mezani kwa watu hao, na kama angalifika, wangaligeuka mawe mbele yake.

Goma iliingia katika magazeti ya dunia kwa kamera za kazi. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wapatao milioni moja walipovuka kutoka Rwanda na kipindupindu kikawaangamiza maelfu kwa maelfu, wapigapicha wa habari walifika kwa wingi, Sebastião Salgado akiwa mmoja wao. Picha zao ni ushahidi ambao hauwezi kudharauliwa. Hata hivyo, mwanafunzi anayetaka kujua harusi, maduka na mavazi ya Goma ya miaka hiyo hatayapata humo. Hana budi kuzitafuta albamu za nyumbani.

Na albamu hizo zilipata mkasa wake. Tarehe 17 Januari 2002 ujiuji wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji, pamoja na kitovu cha biashara. Watu wapatao 120,000 walikosa makazi. Picha ya filamu ina asili moja tu, nayo ni negativu. Nyumba ikiungua, picha na asili yake huteketea pamoja.

Kwa hiyo mpigapicha wa ridhaa anayechagua kamera Goma leo ana maswali ambayo vitabu vya Ulaya havimuulizi. Vumbi la mawe ya volkano huingia kila mara lenzi inapobadilishwa, kwa hiyo kamera yenye lenzi isiyotoka si chaguo la kimaskini. Kamera kubwa humfanya adhaniwe mwanahabari au mpelelezi, na katika mji uliotekwa na M23 mwaka 2012 na tena Januari 2025, dhana hiyo si ya kufanyiwa mzaha. Simu, ambayo baadhi ya wajuzi huidharau, hupita penye watu bila kuwashtua, kama ilivyopita Adox ya Depara, na picha yake huweza kuwa Bukavu na Nairobi kabla ya jioni. Anayependelea filamu, na wapo wanaoipenda kwa sababu nzuri, azipeleke negativu zake kwa ndugu anayeishi mbali na njia ya ujiuji.