GALAKTOSEMIA: UGONJWA ADIMU UNAOGEUZA MAZIWA KUWA SUMU KWA MTOTO MCHANGA

Wadau, sote tumeshasikia kliniki kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo. Ushauri huo ni sahihi na ubaki hivyo hivyo. Lakini wapo watoto wachache sana ambao maziwa hayo hayo yanaweza kuwaua ndani ya siku chache. Ugonjwa wao unaitwa galaktosemia. Ukigundulika mapema mtoto anaokolewa. Ukichelewa, anaweza kuzikwa bila mtu kujua kilichomuua.

NI UGONJWA GANI?
Sukari ya kwenye maziwa inaitwa laktosi. Ikifika utumbo mwembamba inakatwa vipande viwili, glukosi na galaktosi. Glukosi mwili unaitumia moja kwa moja, lakini galaktosi lazima igeuzwe kwanza, na kazi kubwa inafanyika kwenye ini. Mwanasayansi wa Argentina, Luis Leloir, ndiye aliyefumbua hatua hizo, na mwaka 1970 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Hatua mojawapo inahitaji kimeng'enya kinachoitwa GALT. Mtoto mwenye galaktosemia hana kabisa kimeng'enya hicho, au anacho kidogo mno. Basi galaktosi na mabaki yake yanarundikana na kuharibu ini, figo, ubongo na macho. Daktari August von Reuss wa Vienna aliandika habari za mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1908, na mwaka 1956 Herman Kalckar na wenzake wakaonyesha kwamba tatizo ni hicho kimeng'enya.

SIYO "TUMBO KUKATAA MAZIWA"
Hapa wengi wanachanganya. Mtu mzima akinywa maziwa, tumbo likajaa gesi na kuharisha, huyo amepungukiwa laktasi, yaani kimeng'enya cha kuikata laktosi utumboni. Ni usumbufu tu, hauui, na watu wazima wengi duniani wako hivyo. Jamii zetu za wafugaji ndizo zinazoyamudu zaidi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kuwa hilo linatokana na mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Wazungu.

Galaktosemia ni kitu kingine. Hapa laktosi inakatwa vizuri tu, shida inaanzia baada ya hapo. Kwa hiyo kutoka kabila la wanywa maziwa siyo kinga. Na yale maziwa ya dukani yaliyoandikwa kuwa hayana laktosi hayamfai mtoto huyu hata kidogo, maana laktosi imeshakatwa tu na galaktosi bado imo humo humo.

DALILI
Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Baada ya siku chache za kunyonya huanza haya:
- kutapika, kukataa kunyonya na kupungua uzito
- macho na ngozi kuwa vya manjano, na manjano hayo hayaishi
- kulegea na kulala sana
- ini kuvimba na damu kutoganda vizuri
- mtoto wa jicho
- bakteria kuingia kwenye damu, hasa E. koli, na mara nyingi ndio wanaoua

Sasa angalia: nyingi ya dalili hizi zinafanana na maambukizi ya kawaida ya watoto wachanga. Mtoto anatibiwa maambukizi, huku anaendelea kupewa maziwa yale yale yanayomuumiza.

VIPIMO
Nchi kama Marekani na Ireland humpima kila mtoto kwa matone ya damu ya kisigino. Pasipo na mpango huo, inabidi daktari aushuku mwenyewe. Kidokezo kimoja ni mkojo: kipimo cha Benedict, kile kile cha maabara za sekondari, kinaweza kuonyesha sukari wakati karatasi ya kupimia glukosi haionyeshi kitu. Hicho ni kidokezo tu, na mtoto awe bado anatumia maziwa. Uthibitisho ni kupima GALT kwenye chembe nyekundu za damu. Kama mtoto ameongezewa damu karibuni, majibu yanaweza kudanganya, kwani chembe zinazopimwa ni za aliyemtolea.

TIBA NA CHAKULA
Akishukiwa tu, daktari husimamisha maziwa bila kungoja majibu, na mtoto hupewa maziwa ya kopo ya soya. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wa mwaka 2009, limeutaja ugonjwa huu miongoni mwa sababu chache za mtoto kutonyonyeshwa. Maziwa ya mbuzi, ya ngamia na mtindi navyo haviruhusiwi. Akikua, ugali, wali, samaki, nyama, tui la nazi, matunda na mboga ni ruksa. Maharage pia, ambayo zamani yalikatazwa, yaliruhusiwa na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017.

Tusidanganyane, lishe inaokoa maisha lakini haimalizi kila kitu. Mwili wenyewe hutengeneza galaktosi kidogo. Ndiyo maana baadhi ya watoto huchelewa kusema au hupata shida shuleni, na wasichana wengi ovari zao huacha kufanya kazi mapema.

UNARITHIWAJE?
Mtoto huugua akipata kinasaba chenye hitilafu kutoka kwa baba NA kwa mama. Wazazi wenyewe ni wazima kabisa. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 ya mtoto kuugua, na wanaooana ndugu wa damu wako kwenye hatari zaidi. Mfano ni jamii ya Wasafiri wa Ireland, ambao huoana wao kwa wao: utafiti wa mwaka 1999 ulikuta mgonjwa 1 kati ya watoto 480, wakati kwa Wairish wengine ni 1 kati ya 30,000. Kwa watu wenye asili ya Afrika lipo badiliko liitwalo S135L, ambalo huacha kimeng'enya kidogo kikifanya kazi, na watoto hao wakiwahiwa huendelea vizuri zaidi.

Kwa hiyo mama asiambiwe kambemenda mtoto, wala maziwa yake mabaya, wala karogwa. Baba kachangia nusu.

LA KUKUMBUKA
Usimwachishe mtoto ziwa kwa kusoma makala hii. Ila kichanga akitapika, akiwa wa manjano na amelegea, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Na kama kuna kaka au dada yake aliyefariki akiwa mchanga kwa dalili hizo hizo, mwambie daktari hata kama hajauliza. Neno hilo moja linaweza kumwokoa huyu aliyebaki.