Seremala na Saa ya Bahari

Katika lugha ya Kiswahili neno saa lina maana mbili: ni kipimo cha wakati, na ni chombo kinachokipima. Msemaji haioni tofauti hiyo mpaka chombo kiharibike. Hapo ndipo atambuapo kwamba wakati unakwenda na saa imesimama. Katika karne ya 18 mabaharia wa Ulaya walikuwa wakiangamia kwa sababu ya tofauti hiyo. Aliyewaondolea balaa hiyo hakuwa mwanafalaki wala mwanachuoni. Alikuwa seremala, mtoto wa seremala, ambaye hakupata kuwa mwanagenzi wa fundi saa yeyote. Jina lake John Harrison.

Ili kuifahamu kazi yake, ni lazima kwanza kulifahamu fumbo lenyewe. Walimu wa vyombo waliokata Bahari ya Hindi kuelekea Uarabuni na Bara Hindi walipima kimo cha nyota ya Jaa kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Nyota ikisimama juu ya upeo wa bahari kwa kiasi cha bandari inayokusudiwa, chombo kimeshafika katika mstari wa bandari hiyo, na lililobaki ni kuufuata mstari huo, mashariki au magharibi, hadi nchi kavu ionekane. Hiyo ndiyo latitudo, nayo imeandikwa mbinguni. Longitudo, yaani umbali wa kwenda mashariki au magharibi, haina nyota yake. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, maana yake ni digrii 15 kwa saa, au digrii moja kwa kila dakika 4. Ndiyo maana jua la adhuhuri hufika Unguja Mjini kiasi cha saa 2 na dakika 37 kabla ya kufika Greenwich, Uingereza. Baharia akiijua adhuhuri ya pale alipo, na papo hapo akajua ni saa ngapi huko alikotoka, tofauti ya nyakati hizo mbili itamwambia amekwenda umbali gani.

Adhuhuri huonekana kwa macho. Saa ya bandarini lazima ibebwe, na hapakuwa na saa iliyobebeka. Pendulamu iliyumbishwa na mawimbi, joto lilirefusha vyuma, baridi iligandisha mafuta. Kosa la dakika moja tu, karibu na Ikweta, ni maili 15 za baharini; na maili 15 za usiku ni mbali ya kutosha kukikutanisha chombo na mwamba. Mwaka 1707 manowari 4 za Uingereza zilipanda miamba ya visiwa vya Scilly, manahodha wake wakiamini wako kwingine, na watu zaidi ya elfu moja wakafa maji. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kutoa zawadi ya pauni 20,000 kwa atakayegundua njia ya kuijua longitudo pasipo kukosea zaidi ya nusu digrii katika safari ya kwenda visiwa vya Karibi. Nusu digrii ni dakika 2 za saa. Kwa safari ya wiki 6, saa isipotee wala kutangulia hata sekunde 3 kwa siku.

Harrison alizaliwa mwaka 1693 katika kijiji cha Foulby, Yorkshire, akakulia Barrow, karibu na mto Humber. Alijifunza randa na patasi kwa baba yake. Elimu nyingine aliitafuta kama mgagaa na upwa: kasisi mmoja alimwazima nakala ya masomo ya sayansi ya Saunderson, naye akaketi akainakili yote kwa mkono, michoro na maneno, kama walivyonakili wanafunzi wa mwambao wasiokuwa na uwezo wa kununua chuo. Hakurudisha kitabu mpaka nacho kimekuwa chake.

Saa yake ya kwanza aliimaliza kabla ya kutimiza miaka 20, na karibu mitambo yote ya ndani aliichonga kwa mbao, kwa kuwa mbao ndizo alizozijua. Hapo ndipo ulipo ustadi wake. Fundi saa aliyefundwa London angeanza na shaba na mafuta, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Harrison aliuliza kwanza mafuta ni ya nini. Kati ya miaka ya 1720 alitengeneza saa ya mnara kwa ajili ya jumba la Brocklesby Park, na zile sehemu zinazosuguana akazichonga kwa mti mgumu wa nchi za joto unaotoa mafuta yake wenyewe. Saa hiyo haikuhitaji kutiwa mafuta, na ilikwenda kwa zaidi ya karne mbili na nusu.

Akiwa na nduguye James, alitengeneza pendulamu ya vijiti vya shaba na vya chuma vilivyopangwa kwa zamu. Joto likija, shaba hurefuka zaidi kuliko chuma. Akaziunganisha hivi kwamba moja ikivuta chini nyingine ivute juu, na urefu wa pendulamu ubaki ule ule. Kuzijaribu, hakuwa na chuo cha falaki. Alikuwa na dirisha lake na bomba la moshi la jirani. Usiku baada ya usiku aliitazama nyota fulani ikitoweka nyuma ya bomba hilo, akijua kwamba kila usiku itatoweka mapema kwa dakika 3 na sekunde 56. Kwa kipimo hicho alithibitisha kwamba saa zake hazikupotea zaidi ya sekunde moja kwa mwezi, wakati saa nyingi nzuri za zama zake zilipotea kiasi cha dakika moja kwa siku.

Mtu huyo huyo aliongoza waimbaji kanisani na kurekebisha sauti za kengele. Mshairi wa Kiswahili huiita hesabu ya silabi mizani, na fundi saa huita mizani lile gurudumu linalopiga huku na huku ndani ya saa. Kwa Harrison hiyo haikuwa sadfa ya maneno: muziki na saa vyote kwake vilikuwa kuigawa pumzi ya wakati sawasawa.

Karibu na mwaka 1730 alikwenda London na michoro yake. Mwanafalaki Edmond Halley alimpokea vizuri lakini akampeleka kwa George Graham, fundi saa mkuu wa mji. Graham alimsikiliza kutwa nzima, kisha akamkopesha fedha bila riba. Hilo linapasa kukumbukwa, kwani kisa hiki mara nyingi husimuliwa kana kwamba wasomi wote walimpinga.

Saa ya kwanza ya bahari, ambayo leo huitwa H1, ilikamilika mwaka 1735: dubwana la shaba lenye uzito wa kilo zipatazo 34. Mwaka 1736 ilipelekwa Lisbon. Wakati wa kurudi, mabaharia waliiona nchi wakaitambua kuwa rasi moja. Harrison akasema ni rasi nyingine iliyo mbali kwa maili zipatazo 60. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Baraza la Longitudo likakutana mwaka 1737 kumsikiliza. Mtu mwingine angeomba safari ya Karibi na zawadi yake. Harrison alieleza kasoro za saa yake, akaomba fedha kidogo na muda wa kutengeneza iliyo bora.

H2 ilikamilika mwaka 1739, lakini mwenyewe akaigundulia kosa, nayo haikupata kuonja bahari. Kisha akaanza H3, yenye vipande 753, akaihangaikia kwa miaka 19. Ndani yake alibuni ukanda wa madini mawili yaliyounganishwa, ambao hupinda kadiri joto linavyobadilika, na namna ya beringi za kukunja ndani ya kizimba. Vyote viwili vimeingia katika mitambo mingi ya dunia ya leo. Hata hivyo H3 yenyewe haikumridhisha. Mvumilivu hula mbivu, husema wahenga; lakini hapa uvumilivu ulikuwa umeelekea njia isiyofika.

Lililomwokoa ni saa ya mfukoni. Mwaka 1753 fundi John Jefferys alimtengenezea moja kwa maelekezo yake, nayo ikaenda vizuri kuliko alivyotazamia. Harrison, mwenye miaka 60, aliyekuwa amedharau saa ndogo maisha yake yote, alikubali kwamba udogo ndio uliokuwa jawabu. Mizani nzito inayopiga polepole husumbuliwa na mwendo wa merikebu. Mizani ndogo inayopiga upesi haijali. H4, iliyokamilika mwaka 1759, ina kipenyo cha sentimita 13 tu, mizani yake hupiga mara 5 kwa sekunde, na badala ya mbao zenye mafuta kuna vipande vya almasi na yakuti.

Mwaka 1761 mwanawe William aliipeleka Jamaica. Baada ya siku 81 ilikuwa imepotea sekunde 5. Baraza likasema huenda ni bahati. Ikapelekwa Barbados mwaka 1764, na baada ya siku 47 kosa lilikuwa sekunde 39, yaani theluthi moja hivi ya lile lililoruhusiwa na sheria. Isisahauliwe pia bandari hizo zilikuwa nini. Vilikuwa visiwa vya mashamba ya miwa na watumwa wa Kiafrika. Merikebu zilizohitaji longitudo ni pamoja na zile zilizobeba watu hao kuvuka Atlantiki. Chombo kilichookoa roho za mabaharia hakikuuliza shehena ni nini.

Sheria mpya ya mwaka 1765 ikasema fundi atapata nusu ya zawadi akifichua siri zake zote, na nusu ya pili ikishathibitika kwamba mafundi wengine wanaweza kuiga saa hiyo. Mwaka huo huo Nevil Maskelyne alifanywa Mwanafalaki wa Mfalme, na kwa cheo hicho akaingia barazani. Yeye aliamini njia nyingine, ya kupima umbali kati ya mwezi na nyota, na chini ya uangalizi wake H4 ilijaribiwa Greenwich na kutangazwa kuwa haiaminiki. Harrison alimwona kuwa adui. Haki inataka isemwe kwamba majedwali ya mwezi aliyoyachapisha Maskelyne yaliwaongoza mabaharia wengi kwa miongo mingi, kwa kuwa yalinunulika kwa bei ndogo, ilhali nakala ya H4 aliyoitengeneza Larcum Kendall iligharimu pauni 450. Lakini si haki mshindani kuwa hakimu. Nakala hiyo ya Kendall ilisafiri na James Cook kuanzia mwaka 1772 hadi 1775, kutoka barafu ya kusini hadi visiwa vya joto, na Cook, aliyeondoka na shaka, alirudi akiisifu.

Harrison alikuwa ametengeneza saa ya tano. Mwaka 1772 Mfalme George wa Tatu aliijaribu mwenyewe katika chumba chake cha falaki kwa wiki 10, akaridhika. Mwaka 1773 Bunge lilimpa fundi yule pauni 8,750. Baraza lenyewe halikupata kumtangaza mtu yeyote kuwa mshindi. Alifariki mwaka 1776, akiwa na miaka 83.

Mwambao wa Afrika ya Mashariki nao ulifikiwa na urithi wake. Kati ya mwaka 1822 na 1826 manowari za Kapteni William Owen ziliupima mwambao huu kwa saa za namna hiyo, mabaharia wake wengi wakifa kwa homa, na katika safari hizo, mwaka 1824, Owen aliiweka Mombasa ya Wamazrui chini ya ulinzi wa Uingereza kwa muda wa miaka miwili. Bandari ambazo manahodha wa majahazi walizibeba vichwani na katika nyimbo sasa ziliandikwa kwa digrii na dakika, kwa faida ya mwenye ramani.

Limebaki jambo moja, nalo linawagusa hasa wanaoshughulika na maneno. Mkono wa Harrison ulikuwa fasaha. Kalamu yake haikuwa. Mwaka 1775, akiwa na miaka 82, alichapisha kitabu kuhusu saa na muziki, chenye sentensi ndefu zisizo na mahali pa kuvuta pumzi. Humo alidai kwamba kwa kanuni zake saa ya pendulamu inaweza kwenda siku 100 pasipo kukosea zaidi ya sekunde moja. Mhakiki mmoja wa London aliona kitabu hicho kinakaribia kuwa dalili ya wazimu. Asiyejua kuandika vizuri akahesabiwa kuwa asiyejua.

Katika karne ya 20 fundi Martin Burgess alianza kuunda saa kwa kufuata kanuni za kitabu kile kilichochekwa. Ilipokamilika ilifungwa Greenwich ndani ya kisanduku kilichotiwa lakiri mbele ya mashahidi, ikaachwa ipige peke yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Kwa siku 100 ilikuwa imepotea sekunde 5 juu ya 8, pungufu ya sekunde moja. Sentensi za yule mzee bado ni ngumu kusomeka, lakini lile alilokuwa akilisema ndani yake lilikuwa kweli kwa miaka 240.